Taa Inayopepesa Ikiwa Imezimwa

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipowaachia. Nilikuwa nimesimama kaunta ya polisi naulizwa mume wangu alivaa nguo gani siku aliyotoka, nami sikumbuki.

Kwa uliyechelewa, nitakusogezea kwa ufupi. Mume wangu ni fundi umeme. Asubuhi moja alisema anakwenda kununua waya, na mpaka leo huo waya haujapatikana. Hospitali nimezunguka. Mochwari nimeingia, nimefunuliwa nyuso za waume wa watu. Polisi wameandika wakachoka. Kwa walio hai hayupo, kwa waliokufa hayupo.

Tangu hapo nimekufa ganzi. Ukienda kung'oa jino wakakuchoma ile sindano, ukigusa shavu lako unaona kama unagusa la mtu mwingine. Basi mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Kazini, kule kwenye dobi kubwa ninakopiga pasi mashuka ya hoteli, niliunguza mkono nikajua kwa harufu. Mwenzangu ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa naangalia tu.

Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama mkwe. Nyumba ni yake, aliachiwa na marehemu mumewe. Yeye ni kiziwi tangu utotoni, hajawahi kwenda shule, na lugha yake ni ya mikono aliyoitunga mwenyewe pamoja na mwanawe mkubwa, yaani mume wangu. Mimi nilipoolewa nilifundishwa jikoni, huku tunamenya vitunguu. Kuna watu wanaogopa wakwe zao kama homa. Mimi wangu nilimpenda kuliko nilivyompenda mwanawe, na sioni haya kusema.

Baada ya mume kupotea, yeye ndiye aliyekuwa sababu ya mimi kutoka kazini na kurudi nyumbani. Asingekuwepo sijui ningekuwa narudi kufanya nini. Kushika mlango wa friji?

Sasa sikieni kisa cha taa.

Kwa sababu mama hasikii hodi, mume wangu alimtengenezea kengele ya macho. Kando ya mlango wa mbele aliweka kitufe. Mgeni akikibonyeza, taa ya sebuleni inawaka na kuzima, mama anainuka kufungua. Kazi safi. Hata majirani walikuja kuionea gere.

Wiki chache baada ya yeye kuondoka, taa ikaanza kupepesa yenyewe. Hakuna mtu mlangoni, hakuna kidole, lakini inakonyeza: pwa, kimya, pwa, kimya. Sebule yetu ina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo hata mchana ukikonyezwa unaona.

Na kila taa ikikonyeza, mama mkwe anaruka kwenye kiti.

Mama ni mtu mzima, magoti yake yanalia kama bawaba. Lakini akiona ile taa anakimbia kama binti. Mimi nikimfuata namkuta mlangoni, mkono uko kwenye komeo, anahema.

Siku moja nikamuuliza kwa mikono. Nikazungusha kifundo kama mtu anayekaza globu, maana hilo ndilo jina la mume wangu katika lugha yetu. “Ni yeye?”

Akakubali kwa kichwa. Ni yeye.

Nikamgeuzia mgongo nikaenda kuosha vyombo. Nilijua ningepaswa kulia. Nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nikaanza kuishughulikia taa. Kwanza niliikaza, nikidhani imelegea. Ikapepesa. Nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha. Ikapepesa. Nikaipeleka dukani.

“Umeniuzia taa mbovu,” nikamwambia mwenye duka.

Akaichomeka kwenye kile kijisoketi chake cha kupimia. Ikawaka, ikatulia tuli, mwanga mweupe kama wa daktari wa meno.

“Mbovu iko wapi hapo?”

“Kwangu inapepesa.”

“Basi nyumba yako ndiyo mbovu, shangazi, na nyumba siuzi.”

Watu wakacheka. Ningekuwa mimi wa zamani angenikoma siku hiyo. Nikachukua taa yangu nikaondoka.

Nikafanya jaribio jingine. Taa ya jikoni nikaihamishia sebuleni, ya sebuleni nikaipeleka jikoni. Ya jikoni, ambayo haijawahi kunisumbua, ilipofika sebuleni ikaanza kukonyeza. Ile korofi ilipofika jikoni ikawa na adabu zake. Nikakaa chini kwenye sakafu nikazitazama zote mbili. Kwa hiyo si taa. Ni kitu kiko sebuleni.

Nikapiga simu kwa watu wa umeme. Wakaja, wakafungua mita, wakaifunga. “Kwetu kuzima.”

“Kuzima vipi wakati inawaka?”

“Mama, kuzima maana yake iko sawa.”

Haya.

Majirani nao wakaleta yao. Mmoja akaninong'oneza kwamba marehemu wakitaka kusema jambo hutumia umeme. Nikamwuliza nani kamwambia ni marehemu. Akashika mdomo. Mtaa mzima ukawa una maneno, isipokuwa mimi.

Halafu mama akaanguka. Nilikuwa jikoni. Taa ilipepesa, akakimbia, mkeka ukateleza, akaangukia mkono. Kifundo kikateguka kikavimba kama andazi. Nikambeba kumpeleka zahanati, akafungwa bandeji. Njia nzima alikuwa anageuka kutazama nyuma, nyumbani. Na tulipofika alikagua mlango kwanza kabla ya kukaa.

Ndipo shemeji yangu akapiga simu. Huyu ni mdogo wa mume wangu. Alilelewa na shangazi yake tangu anaanza kutembea, kwa hiyo mama yake anamjua kwa kumtembelea tu. Lugha ya mikono hajui. Akizungumza naye anapaza sauti, kana kwamba kiziwi ni mtu aliye mbali.

“Shemeji, nimesikia mama kaanguka.”

“Kateguka tu. Hajavunjika.”

“Leo kateguka, kesho utaniambia kafa. Hiyo nyumba imeharibika, taa zina mambo, na wewe mwenyewe unashinda kazini. Jumamosi nakuja kumchukua.”

“Shemeji, mama hapa ndiyo kwake.”

“Mimi ni mwanawe. Wewe ni nani, na mumeo hayupo?”

Mke wa mtu ambaye hayupo wala hajafa anaitwaje?

Nikakata simu nikaenda kumtazama mama. Alikuwa amelala kitini, mkono wa bandeji uko kifuani, uso umeelekea taa. Nikajiambia akichukuliwa huyu, mimi nimekwisha. Nilijiambia kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesoma tangazo. Lakini nilijua ni kweli. Na nilijua dawa ni moja, taa ipone kabla ya Jumamosi, ili shemeji akose la kusema.

Nikamtafuta fundi. Nilimtaka asiyemjua mume wangu, maana wanaomjua wakiingia kwangu wanatembea kama wameingia msikitini. Akapatikana bwana mmoja mnene anayeitwa Fyuzi, mpiga domo, anazungumza na waya kama anachunga mbuzi. Alikuwa na nafasi Jumamosi hiyo hiyo asubuhi. Nikasema sawa, shemeji huwa hafiki mapema.

Fyuzi akaingia, akasimama katikati ya sebule, akainua kichwa.

“Dada, inapepesa ikiwashwa au ikizimwa?”

“Inapepesa tu.”

“Inapepesa tu si jibu. Ni kama kumwambia daktari unaumwa tu. Ikiwashwa au ikizimwa?”

Nikafikiri. Jamani, muda wote ule sikuwa nimejiuliza. Nikienda ukutani nikiwasha, taa inawaka imetulia, unaweza kutunga uzi kwenye sindano. Ikishazimwa ndipo inaanza.

“Ikizimwa,” nikasema.

“Ehee! Sasa tunaongea.” Akapiga makofi. “Taa iliyozimwa haiwezi kukonyeza bila chakula. Kuna pahali inalishwa kwa mlango wa nyuma. Swichi iko moja tu?”

“Na kitufe cha kengele.”

Akatoka nje kukitazama. Akainama mpaka pua ikagusa ukuta. “Hiki kitaa chekundu ndani ya kitufe ni cha nini?”

“Wageni waone pa kubonyeza kukiwa na giza.”

“Basi mwizi wako huyu hapa.”

Akanieleza huku anafungua skrubu. Kile kitaa chekundu kinawaka saa zote kwa kupitishia umeme kidogo, kidogo sana, kwenye waya wa taa ya sebuleni. Globu za zamani zilikuwa na ulafi, zinakimeza kile kidogo bila kujua zimekula. Hizi za LED zinakula kama ndege. Kile kidogo kinajikusanya, kinajikusanya, kikitosha taa inawaka mara moja inazima. Halafu kinaanza tena kujikusanya.

“Aliyetengeneza hii kengele nani?”

“Mume wangu.”

“Fundi mzuri. Alitumia globu gani?”

“Ya zamani. Iliungua wiki chache baada ya yeye kuondoka. Nikanunua hii na ya jikoni ili tubane umeme.”

“Basi dada, mchawi ni wewe na ubahili wako!” Akacheka mpaka tumbo likatikisika. “Yeye yuko wapi?”

“Kaenda kununua waya.”

“Akirudi mwambie kazi yake haina kosa.”

Nikasema nitamwambia. Nilikuwa nategemea kitu kitanichoma pale, kicheko au kilio. Mume wangu hakuwa anakonyeza kutoka ahera wala kutoka popote. Ni mimi niliyebadilisha globu. Nikatafuta ndani yangu kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, nikakuta mfuko mtupu.

Fyuzi akaking'oa kile kitaa kwa koleo, akarudisha kitufe. “Kengele itafanya kazi vilevile. Ila kuanzia leo taa hii ikiwaka, ujue ni kidole cha mtu. Kaa ndani nijaribu.”

Akaufunga mlango akabaki nje. Akabonyeza. Taa ikawaka.

Mama mkwe akaruka na bandeji yake, akafika mlangoni kabla yangu. Badala ya kufungua akasukuma komeo, tka! Fundi wa watu akabaki nje anagonga.

“Dada! Zana zangu ziko ndani! Nimekosa nini?”

Nikamshika mama mabega, nikafungua mlango. Nikaomba radhi. Nilidhani ni uchovu, kachanganyikiwa. Fyuzi akakusanya zana zake, akampungia mama mkono kwa mbali, akaenda zake akitikisa kichwa.

Nikamkalisha mama. Nikamweleza taratibu kwa mikono. Hakuwa yeye. Siku zote hizo hakuwa yeye. Ni kitaa kidogo, nikamwonyesha kwenye kiganja, kidogo kama punje. Sasa kimetolewa, taa haitapepesa tena bure.

Akaniuliza: ikiwaka sasa, ni mtu?

Nikamjibu: ikiwaka sasa, ni mtu kweli.

Uso wake ukakunjamana. Nikajua nimemnyang'anya mwanawe mara ya pili. Alikuwa na kile kitaa tu cha kumtumainia, na mimi nimeita mtu na koleo. Nikamshika mkono mzima, tukakaa hivyo. Taa ilikuwa imezimwa na imenyamaza.

Shemeji alifika mchana, mapema kuliko desturi yake, na begi jipya la magurudumu. Limebonyea tupu. Hakubonyeza kitufe, aliingia tu, mlango nilikuwa nimeuegesha.

“Shikamoo mama!” akapiga ukelele. Mama akamtazama bila kumpa mkono.

“Karibu shemeji,” nikamwambia. “Taa imepona. Fundi kaja asubuhi. Ilikuwa kitaa cha kengele tu. Mama hatakimbia tena.”

“Vizuri,” akasema, bila hata kuinua macho kutazama hiyo taa. “Nguo zake ziko chumba gani?”

“Shemeji, nimesema taa imepona.”

“Nimesikia. Nimefurahi. Ziko chumba gani?”

“Ulisema unamchukua kwa sababu ya taa.”

“Nilisema kwa sababu ya usalama wake. Taa ni mfano.” Akavuta kiti, akakaa. “Kwanza nipe chai, nimetoka mbali.”

Nikampa chai na mkate. Mikono yangu ilifanya yenyewe, ilikuwa imezoea kunifanyia kazi bila mimi. Nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyokunja zile kanga zake za mama, na kwamba nikimaliza kukunja nitakuwa sina kitu kingine cha kufanya katika dunia hii.

Mama akagonga meza kwa kidole, nimtazame.

Akaanza kuzungumza. Mkono mmoja umefungwa, kwa hiyo alisema nusunusu, na ilibidi nisogee. Akavuta suruali ya hewani juu ya kiuno. Hilo ni jina la shemeji. Alimpa alipokuwa mtoto suruali zikimdondoka, na mwenyewe mpaka leo hajui anaitwa hivyo.

“Huyu,” akasema, “alikuja. Mchana. Wewe uko kazini.”

“Lini?” nikauliza.

“Kabla taa haijaanza kucheza. Alikuja na yeye.” Akazungusha kifundo, kama mtu anayekaza globu.

Nilidhani sikuelewa. Nikamfanyia ishara arudie. Akarudia, polepole, kama anavyomfundisha mtoto. Alikuja na yeye. Mwanangu alibonyeza kitufe, taa ikawaka, nikafungua kwa furaha, nikamkumbatia. Amenenepa. Ana shati zuri.

“Mama anasemaje?” shemeji akauliza, huku anapaka siagi.

“Mkono unamuuma,” nikasema.

“Kwetu atapata daktari.”

Mama hakumjali. Akaendelea. Walikuwa na mtu wa tatu, bwana mwenye miwani. Yule bwana alipima sebule kwa hatua, akagonga kuta, akatazama dari. Halafu wakataka hiki. Akabonyeza dole gumba lake kwenye kiganja changu, kwa nguvu, kama anayetia sahihi kwenye karatasi.

“Nikakataa. Nyumba yangu. Nyumba yako. Akasema atarudi, na nikikataa tena watanihamishia kwa huyu, huko nitakubali tu.”

Nilimtazama usoni.

“Kwa hiyo taa ikipepesa…”

“Nilidhani wamerudi. Nakimbia kutia komeo.”

Msomaji wangu, mimi nilikuwa nimemwonea huruma mama huyu kwa kukimbia kumfungulia mwanawe. Kumbe siku zote zile alikuwa anakimbia kumfungia nje. Na alipokunja uso asubuhi ile, haikuwa huzuni. Alikuwa ameelewa kwamba taa ikiwaka sasa, ni kweli wamefika.

“Kwa nini hukuniambia?” nikauliza kwa mikono.

Akafuta meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

“Ulikuwa huli,” akasema. “Ulikuwa unanitazama kama ukuta. Nikasema nikimwambia yuko hai, ataniuliza, aliniulizia? Na mimi siwezi kukudanganya.”

“Aliniulizia?”

Akatikisa kichwa. Hapana. Hakuuliza.

Pale ndipo ganzi ilipoanza kutoka. Nadhani mnaijua ganzi ikitoka, haitoki kwa raha. Ilianza kwenye vidole, kule nilikoungua pasi, nikahisi lile jeraha kwa mara ya kwanza, linawaka moto. Likapanda mpaka begani. Mtu niliyemtafuta kwenye droo za mochwari alikuja kwenye nyumba hii na shati zuri, akakanyaga mkeka ninaoufagia mimi, akatoka, hakuuliza kama nipo.

Shemeji alikuwa anatutazama, mmoja baada ya mwingine, kisu cha siagi mkononi.

“Mbona mnaongea sana leo? Anasemaje?”

Ningeweza kumrukia. Ningeweza kupiga yowe majirani wajae. Lakini nilijua nikimshtua atakana kila kitu. Ataniambia kiziwi amechanganyikiwa, na begi litajazwa hivyo hivyo. Nikavuta pumzi. Nikamwongezea chai, nikamsogezea sukari kama inavyompasa mtu kumfanyia shemeji yake.

“Hakuna, ni salamu tu,” nikasema. “Tumeanza na mambo ya begi, hata habari za huko hatujaulizana. Watoto hawajambo?”

“Hawajambo.”

“Mama watoto?”

“Hajambo, anawasalimu.”

“Na kaka yako naye hajambo?”

“Hajambo,” akajibu, mdomo umejaa mkate.

Kisha akaacha kutafuna.